Vipepeo Hupimwa Meksiko, Deni Liko Kaskazini

Kila ifikapo Desemba, watafiti wa CONANP, ambayo ni tume ya taifa ya hifadhi za Meksiko, pamoja na wenzao wa shirika la kimataifa la uhifadhi la WWF, hupanda milima iliyo mpakani mwa Michoacán na Jimbo la Meksiko kufanya sensa ya aina yake. Hawahesabu vipepeo, kwa kuwa hakuna awezaye kuwahesabu. Huzunguka pembezoni mwa kila kundi la miti iliyofunikwa na vipepeo wanaoitwa monaki, wakapima eneo la kundi hilo, kisha wakajumlisha makundi yote ya milima yote. Matokeo hutolewa kwa hekta, na hekta hizo ndizo ulimwengu mzima unazozitumia kujua kama uhamaji mkubwa wa wadudu unaofahamika kuliko wote Amerika ya Kaskazini unaendelea au unakufa.

Katika majira ya baridi ya 1996 hadi 1997 zilikuwa hekta 18 na ushei. Katika majira ya 2013 hadi 2014 zilibaki hekta 0.67, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa: vipepeo wa nusu ya bara wakaenea katika eneo lisilotosha hata kiwanja kimoja cha kimataifa cha mpira wa miguu. Miaka kumi baadaye, 2023 hadi 2024, zilikuwa hekta 0.90, na mwaka uliofuata zikapanda hadi 1.79, jambo lililopokewa kwa furaha kubwa, ingawa ni moja ya kumi tu ya kile kilichokuwapo kizazi kimoja kilichopita.

Sina ugomvi na kipimo chenyewe. Kimebuniwa kwa akili, kinafanyika kwa bidii, na bila hicho tungekuwa tunabahatisha. Ninacholalamikia ni athari yake kwa fikra zetu. Kwa kuwa vipepeo hupimwa Meksiko, na kwa kuwa Meksiko ndiko wanakoonekana kwa wingi wa ajabu, tumezoea kudhani kwamba Meksiko ndiko wanakopotea, na kwamba wanaopaswa kulipa gharama ya kuwaokoa ni wakulima wa milima hiyo. Dhana hiyo ina kosa kubwa, na imewagharimu watu maskini kwa karibu miaka 40.

Naelewa inavyojengeka, kwa sababu nimesimama mahali panapoijenga. Nilifika El Rosario, mojawapo ya milima ya vipepeo hao, mwezi Februari, kwa njia ya vumbi inayopita juu ya mji wa zamani wa madini wa Angangueo, na mwongozaji wetu, mkulima mwenye hisa katika ardhi ya kijiji, akatupandisha taratibu kwa sababu hewa ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari si ya kufanyia haraka. Asubuhi, kabla jua halijapasha msitu, mtu asiyeambiwa anaweza kupita chini ya mamilioni ya vipepeo asijue. Mbawa zikiwa zimefungwa, rangi yake ya nje ni hafifu, ya kikahawia iliyopauka, na matawi ya miti ya oyamel, jamaa ya misonobari, yanaonekana tu kama yameelemewa na majani makavu. Kisha unatambua kwamba matawi yameinama kweli. Kipepeo mmoja ana uzito wa takriban nusu gramu, na hapo juu wamejazana kwa wingi hadi baadhi ya matawi hushindwa kuwabeba yakakatika.

Jua lilipopenya, tawi moja lilifunguka rangi ya chungwa, likafuata la pili, halafu mti mzima, na kwa dakika chache anga yote juu ya uwazi ule ilikuwa imejaa. Sheria ya mahali hapo ni ukimya, nayo huheshimiwa bila kulazimishwa, kwa sababu hakuna anayetaka kuzungumza. Na katika ukimya huo mbawa zinasikika. Nimeona nyumbu wakivuka Mara, na sitaki kulinganisha, lakini sikuwahi kudhani kwamba mdudu angeweza kunifanya nisahau baridi, njaa na muda kwa pamoja. Chini ya miguu yetu palikuwa na mbawa nyingi zisizo na miili. Ndege wawili wa misitu hiyo wameweza kumla monaki licha ya sumu anayobeba mwilini, nao hula tumbo wakaacha mbawa.

Mtu akitoka hapo, moyo wake umekwisha kuamua kwamba msitu huu usiguswe. Uamuzi huo ni sahihi. Miti ya oyamel huwakinga vipepeo dhidi ya mvua na baridi kali, na ikipunguzwa, baridi hupenya. Dhoruba ya Januari 2002 iliua takriban robo tatu ya vipepeo waliokuwa El Rosario na Sierra Chincua kwa siku chache, kwa kuwa walilowa kisha halijoto ikashuka mno. Lakini moyo uliokwisha kuamua hivyo hausukumwi tena kuuliza maswali yanayobaki, na maswali yanayobaki ndiyo makubwa zaidi.

Tuanze na maisha ya kipepeo mwenyewe. Monaki anayeondoka Ontario, Kanada, mwezi Septemba hajawahi kuiona Meksiko, wala mama yake hakuwahi, wala bibi yake. Majike wanaotoka milimani mwezi Machi hufika kaskazini mwa Meksiko na Texas, wakataga mayai, wakafa. Watoto wao huendelea kaskazini, nao wakazaa na kufa baada ya wiki chache; hivyo hivyo kwa vizazi vitatu au vinne, hadi kizazi cha mwisho kinapotoka katika pupa, hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo, mwishoni mwa kiangazi kikiwa na mwili ulioahirisha uzazi na uwezo wa kuishi hadi miezi minane. Hicho ndicho kinachorudi kusini, baadhi yao kwa safari inayozidi kilomita 4,000. Huongozwa na jua, na kwa kuwa jua husogea, wanahitaji saa ya mwilini ya kurekebisha hesabu. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba saa hiyo imo katika vipapasio vyao. Utafiti wa 2014 uliongeza kwamba wana pia dira ya sumaku.

Katika maisha hayo yote, kiwavi wa monaki hula aina moja tu ya chakula, nayo ni mimea ya asklepia, magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa. Sumu ya utomvu huo ndiyo inayomlinda kipepeo dhidi ya ndege wengi. Msitu wa Meksiko haulishi kiwavi hata mmoja katika majira ya baridi. Ni mahali pa kujihifadhi. Vipepeo huzaliwa kwingine, na idadi itakayofika milimani Novemba huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kilichotokea katika majimbo ya Marekani ya Iowa, Illinois, Minnesota na Texas kati ya Aprili na Oktoba.

Uhusiano huu wa ncha mbili haukujulikana kwa ukamilifu hadi nusu ya pili ya karne iliyopita. Fred Urquhart na mkewe Norah, wa Chuo Kikuu cha Toronto, walitumia miongo kadhaa kubandika vibandiko vidogo vya karatasi kwenye mbawa za vipepeo, wakisaidiwa na maelfu ya watu wa kujitolea. Tarehe 2 Januari 1975, Ken Brugger na Catalina Aguado, mwanamke mzaliwa wa Michoacán, walifika kwenye makundi ya Cerro Pelón, na Agosti 1976 jarida la National Geographic likautangazia ulimwengu, picha ya Aguado ikiwa kwenye jalada. Kusema kwamba mahali pale paligunduliwa siku hiyo ni kuwakosea wenyeji. Wamazahua na Wapurépecha wamekuwa wakiwapokea vipepeo hao mwanzoni mwa Novemba, siku za kuwakumbuka marehemu, na wamewahusisha na roho za wafu tangu enzi za mababu zao. Wenyeji walijua walipofikia wasijue walikotoka, na watafiti walijua walikotoka wasijue walipofikia. Kilichotokea 1975 ni kwamba nusu mbili za elimu moja zilikutana.

Kwa bahati mbaya, nusu hizo zilipokutana, wajibu haukugawanywa kama elimu ilivyogawanyika. Mwaka 1986 serikali ya Meksiko ilitoa amri ya kulinda hekta zaidi ya 16,000 na kupiga marufuku ukataji miti katika sehemu ya ndani. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mali ya ejido, yaani ardhi ya pamoja ambayo wakulima wasio na kitu walipewa baada ya Mapinduzi ya Meksiko, pamoja na ardhi za jamii za wenyeji wa asili. Watu hao waliamka wakaambiwa kwamba mti walioutegemea kwa ada ya shule na bati la nyumba si wa kukatwa tena, na fidia ya maana hawakupewa. Mwaka 2000 hifadhi iliongezwa hadi hekta 56,259, na safari hii ukaanzishwa mfuko uitwao Fondo Monarca, unaozilipa jamii zinazoacha miti isimame. Ilikuwa hatua ya haki, iliyochelewa kwa miaka 14. Hadhi ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilifuata 2008.

Matokeo yake ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Uchunguzi wa picha za angani na setilaiti katika eneo la ndani la hifadhi ulionyesha kwamba ukataji haramu wa kiwango kikubwa, uliokuwa umeshamiri kati ya 2003 na 2009, ulikuwa umekomeshwa takriban ifikapo 2012. Wakataji wadogo walibaki, na shinikizo la mashamba ya maparachichi katika Michoacán halijaisha, lakini jamii zile zilitimiza sehemu kubwa ya walichoombwa. Na ni baada ya hapo, majira ya 2013 hadi 2014, ndipo kipimo kiliposhuka hadi hekta 0.67. Kama chanzo kikuu kingekuwa shoka la mkulima wa Michoacán, shoka lilipotulia vipepeo wangeongezeka.

Kutimiza huko kulikuwa na gharama ya damu pia. Homero Gómez González, aliyewahi kuwa mkataji miti kisha akawa msimamizi wa hifadhi ya vipepeo ya El Rosario na mmoja wa watetezi wanaojulikana sana wa vipepeo hawa, alitoweka tarehe 13 Januari 2020, na mwili wake ukapatikana kisimani baada ya wiki mbili. Siku chache baadaye mwongozaji mwingine wa eneo hilo, Raúl Hernández Romero, alikutwa amekufa akiwa na majeraha. Nawataja kwa heshima, kwa sababu katika mjadala wa kimataifa watu wa milima hii hutajwa zaidi kama tishio kwa vipepeo, ilhali wapo waliopoteza maisha yao wakiwa katika kazi ya kuwalinda.

Sasa tuende kaskazini. Zamani asklepia ilimea katikati ya mistari ya mahindi na soya ya Magharibi ya Kati ya Marekani, kwa kuwa jembe la trekta hukata shina lakini halimalizi mizizi. Mwaka 1996 soya iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili glifosati, dawa ya kuua magugu, ilianza kuuzwa, na mahindi ya namna hiyo yakafuata 1998. Kuanzia hapo mkulima aliweza kunyunyiza dawa shamba zima, mazao yakabaki na magugu yote yakafa hadi mizizini. John Pleasants na Karen Oberhauser, katika utafiti uliochapishwa 2013, walikadiria kwamba kati ya 1999 na 2010 asklepia katika mandhari ya Magharibi ya Kati ilipungua kwa asilimia 58, na uzalishaji wa monaki katika eneo hilo ukapungua kwa asilimia 81. Mwongo huo huo, sera ya kuchanganya ethanoli ya mahindi katika petroli ilichochea kulimwa kwa nyanda za majani zilizokuwa bado zimesalia.

Simlaumu mkulima wa Iowa kama mtu. Alitumia mbegu na dawa zilizoruhusiwa na serikali yake, akauza katika soko lililomtaka azalishe zaidi kwa bei ndogo. Nalinganisha tu jinsi wawili hawa walivyotendewa: mmoja alipigwa marufuku kukata mti wake kwa amri ya rais, mwingine aliombwa kwa upole aache kijisehemu cha ukingo wa shamba kama angependa.

Wapo wataalamu wasiokubali kwamba upungufu wa asklepia unaeleza yote. Andrew Davis na wenzake wamesisitiza kwamba hesabu za vipepeo wa kiangazi huko kaskazini hazionyeshi anguko linalolingana na lile la Meksiko, hivyo huenda wengi hufia njiani katika safari ya kusini, kwa ukame, kwa kukosa maua yenye nekta, kwa magari barabarani. Ni hoja nzito na haifai kupuuzwa. Lakini hata wakithibitika kuwa sahihi, sehemu kubwa ya njia hiyo ni ya Marekani, hasa Texas, ambako karibu msafara wote wa vipepeo wa mashariki mwa bara hujibana mwezi Oktoba kabla ya kuvuka mpaka. Mgogoro wa wataalamu hawa unahusu mwezi gani na jimbo gani, na kwa vyovyote jibu halielekezi kidole kwa ejido.

Mwaka 2014 viongozi wa Meksiko, Marekani na Kanada walikutana Toluca, mwendo mfupi kutoka misitu hiyo, wakakubaliana kushirikiana kumlinda monaki. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ilitangaza lengo: ifikapo 2020 vipepeo wafikie milioni 225, wakalie takriban hekta 6. Hekta 6 za wapi? Za miti ya Meksiko. Taifa lenye mashamba yaliyokauka asklepia lilijipimia mafanikio kwenye msitu wa nchi nyingine. Majira ya 2018 hadi 2019 kipimo kilifika hekta 6.05, hasa kwa sababu ya hali nzuri ya hewa katika majira ya kuchipua, pakawa na pongezi. Mwaka uliofuata zikawa 2.83, kisha 2.10. Hali ya hewa ilipobadilika, ikaonekana kwamba ardhi ya kaskazini haikuwa imebadilika vya kutosha kuwabeba vipepeo katika miaka mibaya.

Hapa wasomaji wa pwani yetu wanaweza kukumbuka Gede, nchini Kenya. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo, na watu ambao wengi wao walitaka msitu ugawanywe mashamba wakapata sababu ya kuutaka ubaki. Ni mfano mzuri wa malipo yanayomfikia mtu anayebeba gharama, na unafanana na Fondo Monarca. Lakini vipepeo wa Arabuko-Sokoke wanaotegemewa na wafugaji hao huishi maisha yao huko huko. Kumlipa jirani wa msitu kunatosha kulinda mzunguko mzima. Kwa monaki, kumlipa jirani wa msitu kunalinda miezi mitano tu ya mwaka.

Na hata miezi hiyo mitano imeanza kutegemea mambo yaliyo nje ya uwezo wa kijiji. Mtaalamu wa misitu Cuauhtémoc Sáenz-Romero, wa chuo kikuu cha Michoacán, pamoja na wenzake, walikadiria kwamba kufikia mwongo wa 2090 eneo lenye hali ya hewa inayoufaa mti wa oyamel ndani ya hifadhi litakuwa limepungua kwa asilimia 96. Kwa sababu hiyo wameanza kupanda miche juu zaidi, kwenye miteremko ya Nevado de Toluca, nje ya hifadhi, wakiwa pamoja na wenyeji wa huko. Ni kazi ya watu wanaotarajia wajukuu wao wawe na kitu cha kuona, na hewa ukaa inayowalazimisha kuifanya haikutoka kwenye majiko yao.

Kwa Waswahili waliohamia Amerika ya Kaskazini, wakiwemo Wakongo wengi waliopata makao Iowa, jambo hili liko mlangoni. Msafara hupita juu ya vitongoji vyao, na asklepia ya asili ya jimbo lao huota hata katika bustani ndogo. Tahadhari moja inahitajika: aina ya kitropiki inayouzwa sana madukani haifi majira ya baridi katika majimbo ya kusini, na vimelea vinavyowadhoofisha vipepeo hujilimbikiza juu yake, hivyo ni bora kutafuta aina za kienyeji. Hata hivyo nisingependa bustani za watu binafsi zichukue nafasi ya sera. Makadirio ya watafiti wa Marekani mwaka 2017 ni kwamba mashina ya asklepia yapatayo bilioni 1.8 yanahitajika zaidi ili idadi salama ya vipepeo irejee. Kiasi hicho hakipatikani bila mashamba yenyewe, kingo za barabara kuu na ardhi za serikali.

Desemba 2024 idara ya wanyamapori ya Marekani ilipendekeza monaki aorodheshwe kisheria kuwa spishi inayotishiwa. Pendekezo hilo litakuwa na maana likiambatana na kipimo cha kaskazini. Idadi ya mashina iliyopandwa na iliyopotea itangazwe, jimbo kwa jimbo, siku ile ile hekta za Meksiko zinapotangazwa, na malipo kwa mkulima anayeacha ukingo wa shamba lake yawe na bajeti ya kudumu kama Fondo Monarca inavyopaswa kuwa nayo. Hapo mbunge wa Iowa au Illinois ataulizwa kila mwaka swali ambalo mkulima wa Ocampo, huko Michoacán, ameulizwa tangu 1986, naye atatakiwa kulijibu kwa takwimu.